Huduma ya kukata miti makaburini: kazi ya juu ya kifundi, kazi ya chini ya kulipua

Kamati yetu inasimamia makaburi ya zamani ambayo bado yanazikiwa, na ndani yake mna miti mikubwa iliyopandwa enzi ambazo hakuna kati yetu aliyekuwapo. Baadhi ya miti hiyo ilikuwa imekauka vilele, mingine imeinamia njia wanayopita wafiwa, na mmoja ulikuwa na pango shinani ambalo mkono mzima ungeweza kuingia. Tuliita kampuni ya kukata na kupogoa miti, tukaifuatilia kazi yake tangu ukaguzi wa kwanza hadi ilipokunja kamba zake, na tathmini hii naiandika kwa ajili ya kamati, misikiti, makanisa na familia zinazofikiria kufanya kazi kama hiyo. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa madai ya fidia bado hayajafungwa. Hukumu yangu ni kwamba waliopanda miti ni mafundi wa kweli, ilhali waliofanya kazi ardhini waliyatendea makaburi kama uwanja mtupu, na karibu hasara yote tuliyoipata ilitokea chini ya urefu wa kiuno cha mtu.

Anayekata mti shambani huuchagulia upande wa kuangukia, akakata, akauacha uende. Makaburini upande huo haupo. Kila pembe ina jiwe, msalaba, ukuta mfupi au uzio wa chuma, na vitu hivyo ni vizito na dhaifu kwa wakati mmoja. Jiwe la kaburi la granaiti lenye kimo cha mita moja, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 10 lina uzito wa takriban kilo 160, na mara nyingi limeshikiliwa na tabaka la saruji au chokaa lililozeeka zamani. Marumaru nayo ni laini kiasi kwamba ncha ya kisu huikwaruza, na jiwe la mchanga lililokaa mvuani kwa miongo mingi humenyeka tabaka kwa tabaka likiguswa tu. Upande wa pili wa hesabu kuna mti. Kipande cha shina kibichi chenye kipenyo cha nusu mita na urefu wa mita moja kinaweza kufika kilo 170 hadi 200, na kikiachiwa kutoka kimo cha mita 10 hufika ardhini kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa. Hakuna jiwe la kaburi linalostahimili pigo hilo, na hakuna ubao unaoweza kulikinga.

Ndiyo maana niliridhika sana na wapandaji. Kabla ya kuwashwa kwa injini yoyote, msimamizi wao alizunguka kila mti akiugonga kwa nyundo ya mbao na kusikiliza, kwa sababu shina lililo zima hutoa mlio mkavu na mfupi, na lililooza ndani hulia kama debe tupu. Mti wenye pango alikataa kumpandisha mtu. Aliamua kamba za usalama zifungwe kwenye mti jirani ulio imara, na mpandaji aning'inie kutoka huko, jambo lililochelewesha kazi lakini likamwondoa mtu kwenye shina ambalo hakuna aliyejua lingevunjikia wapi.

Kila tawi lilifungwa kamba kabla ya kuguswa na msumeno. Kamba ilipita kwenye kapi iliyofungwa juu, ikashuka hadi silinda ya chuma iliyofungwa shinani usawa wa kifua cha mtu aliyesimama chini, ikazungushwa hapo mara mbili au tatu kulingana na uzito. Tawi lilipokatika, mshika kamba hakulizuia ghafla. Aliiacha kamba iteleze kidogo kwenye silinda, kisha akaikaza taratibu mpaka mzigo ukasimama hewani, ndipo akaanza kuushusha. Utaratibu huo una sababu nzito. Mzigo unaozuiwa kwa ghafla baada ya kuporomoka hata mita moja huivuta kamba kwa nguvu inayozidi uzito wake mara kadhaa, na nguvu hiyo huibeba kapi, na huibeba tawi linaloishikilia kapi, na huenda ikamfikia mpandaji aliyejifunga kwenye shina hilo hilo. Nilimtazama sana kijana aliyeshika kamba: glavu za ngozi zimelika vidoleni, macho hayashuki kutoka juu, na kila kabla ya kuachia anatamka kwa sauti kwamba yuko tayari, naye mpandaji anaitikia ndipo msumeno unapoendelea. Hawakuchoka kurudia maneno hayo hata walipokuwa wakishusha vijitawi vya kubebwa kwa mkono mmoja.

Jambo la pili walilolifanya vizuri ni kutafuta chuma ndani ya miti. Miti ya makaburini humeza vitu. Uzio uliowekwa karibu na mche, mnyororo uliofungiwa bango, waya wa shada la maua na misumari ya miaka mingi huishia katikati ya shina, gome likaziba, na kwa nje pasionekane ila uvimbe mdogo. Mnyororo wa msumeno huzunguka kwa kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde au zaidi. Ukigonga chuma, meno hukatika na kurushwa, au msumeno wenyewe humrukia aliyeushika. Walipitisha kifaa cha kugundua chuma kwenye mashina yote, na kwenye mti mmoja kikalia mahali ambapo hapakuwa na dalili yoyote. Walikata juu ya hapo. Baadaye tuliona ncha ya nondo ya uzio ikichungulia kwenye kisiki, imezungukwa na mbao iliyogeuka rangi ya buluu nyeusi kwa kutu.

Lakini hata kazi nzuri ya kamba ina kiungo chake dhaifu, na kwetu kiungo hicho kilikuwa kamba ya kuongozea, ile inayofungwa mwishoni mwa tawi ili lisiyumbe linaposhuka. Siku moja kamba hiyo alipewa kibarua aliyekuwa pia akiburuta matawi kwenda kwenye mashine ya kuyasaga. Tawi nene lilishushwa wakati yeye yuko mbali na kamba, kitako chake kikajizungusha, kikapita juu ya mawe mawili yaliyofunikwa na kupiga msalaba wa marumaru ambao haukufunikwa. Mkono wa kulia wa msalaba ulikatika na kuanguka vipande viwili. Mawe yaliyo chini kabisa ya mti yalikuwa yamekingwa kwa plaiwudi iliyoegemezwa kwenye matairi ya zamani, ambayo ni kinga nzuri dhidi ya vijitawi na vipande vidogo. Msalaba ulikuwa umeachwa wazi kwa kuwa ulionekana uko mbali. Umbali huo ulipimwa kutoka shinani. Ulipaswa kupimwa kutoka mahali kamba inaponing'inia, ukiongezewa urefu wa tawi, kwa sababu duara la hatari ni lile ambalo mzigo unaweza kulifikia ukiyumba.

Kilichonisikitisha zaidi ni jinsi walivyotaka kulimaliza jambo. Mmoja wao alikuja na saruji na gundi kali, akasema mkono utarudi mahali pake kabla ya magharibi. Tulikataa, na ninawaomba wasomaji nao wakatae ikitokea. Saruji ya kawaida ni ngumu kuliko marumaru ya zamani na ina chumvi zinazoingia ndani ya jiwe. Unyevu na joto vinapobadilika, kinachopasuka ni jiwe badala ya kiungo. Gundi iliyofurika huacha doa lisilotoka, na kiungo kilichokwisha kugandishwa vibaya humlazimu fundi wa baadaye kuvunja tena ili aunge upya. Utaratibu sahihi ni kupiga picha vipande vilivyo mahali vilipoangukia, kuvikusanya vyote pamoja na vichembe, kuvifunga kwa kitambaa kikavu na kumwita mwashi anayejua mawe ya kumbukumbu. Pia, msalaba si mali ya kamati ya kukubaliana juu yake na mkandarasi. Kwa kawaida jiwe ni la familia iliyoliweka, hata kama ardhi inasimamiwa na wengine, na familia ndiyo yenye haki ya kuamua litengenezwe vipi na na nani. Palipo na makaburi ya askari wa vita kuu mbili za dunia mambo huongezeka, kwani mengi yao hutunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917 na inayofanya kazi katika nchi zaidi ya 150. Jiwe lake likiguswa, mwenye kauli ni tume hiyo.

Sasa niseme juu ya ardhi, ambako kampuni hii ilituangusha kabisa. Kabla ya kazi kuanza tuliwapa ramani yenye njia ambazo zimewahi kubeba magari, na tukawaeleza kwamba nje ya njia hizo hakuna ardhi ya kuaminika. Nyasi zinaweza kuwa sawasawa juu ilhali chini mna uwazi. Jeneza la mbao huoza na kifuniko chake hubonyea, udongo ukaachwa ukining'inia kama dari nyembamba. Katika maziko ya Kiislamu, mbao zilizofunika mwanandani nazo huoza. Kwenye makaburi ya watu waliojiweza zamani kuna vyumba vya matofali vyenye mfuniko wa jiwe ambao hakuna anayejua una hali gani. Isitoshe, makaburi yasiyo na alama ni mengi, kwa kuwa alama za mti na za bati hazikai, na rejista za zamani mara nyingi zimepotea kurasa. Mtu mmoja akitembea juu ya ardhi hiyo haina shida. Trekta dogo lililobeba magogo mabichi ni jambo jingine, hasa baada ya mvua.

Dereva alikata kona kupitia nyasi ili aokoe mzunguko. Gurudumu la mbele lilizama kufumba na kufumbua mpaka kwenye ekseli, trekta likaegemea jiwe la granaiti, na jiwe likainama likiwa limebakiza mshiko wa upande mmoja. Hapo ndipo hatari ilipokuwa kubwa kuliko siku zote za kazi, kubwa hata kuliko mti wenye pango, kwa sababu jiwe la kilo 160 lililolegea linaweza kusimama hivyo kwa wiki nzima na kumwangukia mtoto anayelishika ili asimame. Mawe ya makaburi yamewahi kuua watoto kwa namna hiyo hiyo, na ndiyo sababu nchini Uingereza mamlaka za makaburi huyapima mawe kwa kuyasukuma na kuyalaza yale yasiyo imara. Wafanyakazi walitaka kulivuta trekta kwa winchi papo hapo. Tulisisitiza kwanza jiwe litegemezwe kwa mbao pande zote mbili, eneo lizungushiwe utepe, na magogo yapakuliwe kwa mikono, ndipo mabamba ya kugawa uzito yakalazwa mbele ya magurudumu. Mabamba hayo walikuwa nayo kwenye lori tangu asubuhi. Hayakuwa yameshushwa.

Kaburi lililobonyea lilikuwa halina alama. Shimo hilo halifukiwi tu kwa koleo na kusahauliwa: kazi ilisimama upande huo wote, viongozi wa dini waliarifiwa, na udongo safi ulirudishwa kwa tabaka mbele ya mashahidi. Wanaokodi kreni badala ya trekta wakumbuke kwamba uzito wa kreni pamoja na mzigo wake hukusanyika kwenye miguu minne, na mguu mmoja ukitua juu ya chumba cha matofali, kreni nzima inaweza kupinduka pamoja na gogo inaloning'iniza.

Visiki vilikuwa chanzo cha ugomvi mwingine. Mkataba wetu ulisema visiki vikatwe usawa wa ardhi na viachwe vioze vyenyewe. Hata hivyo mashine ya kusaga visiki ililetwa, na kisiki kimoja kilianza kusagwa kabla hatujafika. Gurudumu la mashine hiyo lina meno yanayochimba sentimita 20 hadi 30 au zaidi chini ya ardhi na kurusha kila linachokutana nacho: vipande vya mbao, kokoto, vigae vya vyungu vya maua. Uso wa granaiti iliyong'arishwa, jirani na hapo, uliachwa na vidonda vidogo vyeupe juu ya maandishi, na vidonda vya namna hiyo havifutiki bila kung'arisha uso wote upya. Pazia la kukinga vipande lilikuwepo upande mmoja tu, ule aliosimama mwendeshaji.

Madhara ya jiwe ni sehemu ndogo ya sababu yangu ya kupinga mashine hiyo makaburini. Mizizi huingia makaburini, huzunguka mifupa na kuishika. Oktoba 2012, kimbunga Sandy kiliung'oa mwaloni uliopandwa mwaka 1909 kwenye uwanja wa katikati ya mji wa New Haven, Marekani, kwa kumbukumbu ya miaka 100 tangu kuzaliwa kwa Abraham Lincoln. Kwenye mizizi yake iliyoinuka ilionekana mifupa ya binadamu, kwa kuwa uwanja huo ulikuwa mahali pa kuzikia zamani, na mawe yalipohamishwa miili iliachwa. Huko upepo ulifanya bila kuombwa kile ambacho mashine ya visiki hufanya kwa makusudi, na mashine haiachi kitu cha kutambulika. Kisiki kilichokatwa chini kabisa hakimsumbui mtu, mizizi yake inaendelea kushikilia udongo kwa muda, na waliolala hapo hawaguswi. Ninaomba kila kamati iandike katazo hilo kwa herufi kubwa na kulisoma kwa sauti mbele ya waendesha mashine wenyewe, maana msimamizi aliyetia saini mkataba mara nyingi siye anayewasha injini.

Narudi kwenye sifa, kwa sababu wanastahili. Miti miwili tuliyokuwa tumeihukumu ikatwe, msimamizi wa wapandaji alituomba tuiache. Mmoja ulihitaji kuondolewa matawi makavu tu. Kwa ule wa pili alituonyesha kwamba tatizo ni letu sisi tunaochimba makaburi mapya karibu nao: sehemu kubwa ya mizizi ya mti hukaa ndani ya sentimita 60 za juu za udongo na kutambaa mbali kupita kivuli chake, kwa hiyo shimo la kaburi hukata mizizi yote ya upande huo, na mti hupoteza nanga yake bila jani kunyauka kwa miaka. Alitutajia kipimo cha kiwango cha Uingereza BS 5837 cha mwaka 2012, ambacho hulinda duara lenye nusu kipenyo mara 12 ya unene wa shina. Mti wenye shina la sentimita 60 unahitaji mita 7.2 kila upande. Kamati imekwisha kulichora duara hilo kwenye ramani ya maziko. Alikataa pia ombi la mjumbe mmoja la kukata vilele vyote ili miti iwe mifupi, akieleza kwamba vichipukizi vinavyoota kwenye vilele vilivyokatwa hushikilia juu juu tu, na baada ya miaka michache ndivyo huanza kuangukia watu. Mkandarasi anayekataa kazi ya ziada ambayo angelipwa ni wa kuheshimiwa.

Kwa wafiwa walikuwa na adabu. Yalipoingia mazishi, injini zote zilizimwa, kofia zikavuliwa, na hakuna aliyegusa chombo mpaka watu wa mwisho walipotoka getini.

Usafi ulikuwa wa wastani. Matawi na magogo yaliondolewa yote, lakini unga wa mbao uliachwa juu ya mawe meupe usiku ambao mvua ilinyesha, na asubuhi marumaru ilikuwa na madoa ya rangi ya chai iliyotokana na mbao mbichi. Mengi yalipungua kwa maji safi na brashi laini. Walipotaka kutumia dawa ya kung'arishia nguo tuliwazuia, kwa kuwa dawa hiyo hula marumaru. Matone ya mafuta ya mnyororo bado yapo kwenye jiwe moja, yameingia ndani, na sidhani kama yatatoka.

Kuhusu bima, tuliambiwa kwamba kampuni ina bima ya dhima kwa mtu wa tatu, na cheti tulikiona. Tulichokiona baadaye ni kifungu ambacho ni cha kawaida katika bima nyingi za aina hiyo, kinachoondoa mali iliyo chini ya uangalizi wa mkandarasi mwenyewe. Sasa kuna mabishano iwapo msalaba uliosimama ndani ya eneo lililofungwa kwa ajili ya kazi ulikuwa chini ya uangalizi wake. Kwa hiyo cheti pekee hakitoshi. Ombeni barua ya kampuni ya bima inayosema waziwazi kwamba mawe, nyua na ardhi ya makaburi vinalipiwa. Pigeni picha kila jiwe lililo ndani ya eneo la kazi, mbele na nyuma, pamoja na nyufa zake za zamani, na mkandarasi atie saini picha hizo kabla ya kupanda. Sisi tulikuwa nazo, na ni hizo peke yake zilizoifanya kampuni ikubali jiwe la granaiti lililoinamishwa na trekta bila ubishi.

Tumebakiwa na mti mmoja wa kupogoa, ulio katikati ya makaburi ya zamani kabisa. Kazi hiyo tumewapa wapandaji wale wale, wakati wa kiangazi ardhi ikiwa imekauka, kwa sharti kwamba hakuna gurudumu litakalotoka njiani, magogo yatakatwa vipande vya kubebwa na watu wawili, kamba ya kuongozea itakuwa na mtu wake asiye na kazi nyingine, na mashine ya visiki itabaki nje ya geti.